Nusu Debe la Mawese

Tuliisikia kabla ya kuiona. Sauti ilitoka juu, upande wa Mwanga, nyuma ya mapaa ya mabati, ikashuka, ikapotea kwenye kona, ikarudi ikiwa nene zaidi. Watu waliojaa mbele ya stesheni ya Kigoma wakanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshika ubao wenye karatasi ya majina, na kabla sijaona hata vumbi nilijua mambo mawili: kwamba anayekuja ni kaka yangu, na kwamba yuko peke yake. Pikipiki yake ilikuwa na kikohozi. Kila alipopunguza gia ilikohoa mara mbili, kama mzee anayetaka ajulikane yuko mlangoni bila kupiga hodi. Nilitega sikio nisikie injini nyingine nyuma yake. Haikuwapo.

Alifika, akazima, akashuka, akaomba maji. Akayanywa yote. Vumbi likatulia barabarani mpaka tukaanza kuona tena kuku wakivuka.

“Wenzake wamekwenda wapi?” aliuliza mama mmoja muuza dagaa nyuma yangu.

“Wamesimama Mwanga wananunua vitumbua.”

“Basi watuletee na sisi.”

Wa pili alipofika alikuwa anacheka. Alikuwa kijana wa Kalinzi, tarishi wa chama cha ushirika cha kahawa, mtu wa kushuka na kupanda milima ile kila siku na barua za chama kwenye mfuko wa ngozi. Pikipiki yake ilikuwa mpya, mali ya chama, na alikuwa ameifuta mpaka unaweza kuchania nywele kwenye tangi lake.

“Shemeji,” alimwambia kaka, “ulipita njia gani? Maana barabarani sikukuona.”

“Ungenionaje, na vumbi langu ulikuwa unalila?”

Hakuwa shemeji yake. Alimwita hivyo kwa kuwa kaka alikuwa na dada mmoja tu, mimi, na alijua jambo hilo linamkera. Walikuwa watani wa barabarani. Kaka alimwambia watu wa milimani wanaogopa sehemu tambarare kwa sababu hakuna pa kujishikilia. Yeye alimjibu kwamba watu waliotoka ng'ambo ya ziwa, kama babu zetu, huendesha pikipiki kama wanapiga kasia, wakiyumba kushoto na kulia. Sikuwahi kuwasikia wakigombana. Nasema hili mapema, kwa sababu baadaye karatasi zilisema kulikuwa na mgogoro kati ya washindani wawili. Mgogoro haukuwa wao.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza baada ya Azimio, tulipokuwa tunaitana ndugu hata tukiwa tumenuniana. Tangazo lilikuja kwamba kutakuwa na mbio za pikipiki za taifa Dar es Salaam, barabarani, kwenye lami, na kila mkoa upeleke mtu mmoja. Kigoma ikaunda kamati. Kamati ikapanga mbio tatu, Jumamosi tatu mfululizo: kutoka stesheni, kupanda Mwanga, kwenda Ujiji, kuzunguka pipa lililowekwa karibu na ufuko, na kurudi. Mshindi wa jumla angepanda treni. Waliojiandikisha walikuwa sita, lakini tangu siku ya kwanza kila mtu alijua ni wawili.

Kaka yangu hakuwa na chama. Alikuwa na pikipiki aliyoinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na keria aliyoiunda mwenyewe kwa nondo, na juu ya keria hiyo alibeba mawese kutoka Simbo hadi sokoni Ujiji, madebe mawili kwa safari moja. Hakuwahi kufika mbali zaidi ya Uvinza. Alipojiandikisha hakusema anataka kushinda. Alisema anataka kujua lami inakuwaje chini ya tairi. Mama yetu alimwambia kama ni hivyo angemwaga maji barabarani na kusubiri yakauke. Lakini niliona jinsi alivyolala wiki ile: hakulala.

Mimi nilikuwa mpiga chapa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimemaliza shule, nimeajiriwa katika ofisi ambayo Katibu wa kamati alikuwa ndiye mkubwa wake, kwa hiyo kanuni zote za mbio zile zilipita kwenye vidole vyangu. Niliziandika kwa Kiswahili kizuri. Nilijivunia hilo.

Katibu alikuwa mtu wa mkoa wa mbali aliyeletwa Kigoma na kazi. Mashati meupe, sauti ya upole, kalamu mbili mfukoni. Hakuwahi kupanda pikipiki, hata kwa kupakiwa. Watu wengi niliowasimulia mambo haya baadaye walidhani alikula rushwa. Hakula. Ningefurahi kama angekula; rushwa ina aibu, mtu akiila hujificha. Yeye hakujificha hata siku moja. Alifanya yote mchana, dirisha likiwa wazi, akiamini anatengeneza jambo jema, na hilo ndilo ambalo mpaka leo linanichemsha.

Jumatatu baada ya mbio ya kwanza aliita kamati.

“Ndugu zangu,” alisema, “yale ya juzi hayakuwa mashindano. Yalikuwa maandamano ya mtu mmoja. Wananchi walikuwa wanaangalia vumbi. Hatuwezi kujenga nchi ya usawa halafu tukawa na mbio zenye pengo kama lile.”

Mjumbe mmoja aliuliza pengo litazibwa vipi. Ndipo ilipotungwa kanuni ya kwanza: aliyeshinda mbio iliyopita atabeba debe moja la mawese, lililojaa, kwenye keria yake. Anayeongoza abebe mzigo, ili wote wafike karibu karibu. Nikaipiga chapa, nakala tatu.

Niliogopa kumwambia kaka. Nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini.

“Wameniadhibu kwa kunipa kazi yangu,” alisema. “Waambie waongeze la pili, nisije nikayumba.”

Sasa lazima niseme ukweli ambao haunipi raha. Mbio ya pili ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kikitembea kwa magurudumu. Zile sauti mbili zilishuka kutoka Mwanga zikiwa zimesukwa pamoja, kikohozi cha kaka na ile sauti nyembamba ya pikipiki ya chama, moja ikipanda nyingine ikishuka, na hata mimi niliyekulia na kikohozi kile sikuweza kusema nani yuko mbele. Walipotokea kwenye kona ya mwisho walikuwa wameinama kiasi kwamba viwiko vyao vilikaribia kugusana. Debe halikutikisika, mawese yakijaa mpaka juu ni kama jiwe, hayana pa kwenda. Uzito ulimpunguzia kaka mwendo wakati wa kupanda, ukamrudishia kidogo wakati wa kushuka, na mwisho yule kijana wa Kalinzi akapita mstari kwa nusu ya gurudumu. Watu walirusha kofia. Mama muuza dagaa alimkumbatia polisi. Kwa hiyo siwezi kusema kanuni ile ya kwanza ilikuwa ya kijinga. Ilifanya kilichokusudiwa. Kama wangeiacha hapo, nisingekuwa na la kuandika.

Kaka alishinda moja, mwenzake moja. Kwa kanuni iliyokuwa ubaoni, yenye muhuri, mzigo sasa ulihamia kwa yule wa Kalinzi. Naye alilijua hilo. Jumatatu asubuhi alikuja ofisini mwenyewe, kofia mkononi.

“Shikamoo, Ndugu Katibu. Nimekuja kuchukua debe langu.”

“Marahaba. Debe gani?”

“La Jumamosi. Nimeshinda, nibebe. Nataka nijizoeze nalo, maana mimi kazi yangu ni barua, na barua hazina uzito isipokuwa ukizisoma.”

Katibu alimwambia asubiri nje. Kisha akaniambia nifunge daftari lile la kanuni na nichukue karatasi mpya. Alikuwa amepata habari kwamba mbio ya tatu itatazamwa na mgeni kutoka Dar es Salaam, mtu wa kamati ya taifa. Alitaka mgeni aone magurudumu mawili yakiingia pamoja, kama yalivyoingia Jumamosi. Alikuwa amepiga hesabu usiku kucha. Kama yule wa Kalinzi, ambaye hajazoea mzigo, atabebeshwa debe, pengo litarudi. Kwa hiyo ikatungwa kanuni ya pili: atakayebeba ni anayeongoza kwa jumla ya muda wa mbio zote. Na kwa jumla ya muda, kwa sababu ya lile pengo la mbio ya kwanza, aliyeongoza ni kaka.

“Lakini tusimwonee,” alisema Katibu. “Safari hii atabeba nusu. Andika: nusu debe. Na debe liwe wazi juu, tupige alama kwa msumari ndani yake. Mawese yakishuka chini ya alama, amepoteza. Hapo tutakuwa tumemhurumia, na yeye atakuwa ametunza mali.”

Vidole vyangu vilisimama.

“Ndugu Katibu, nusu ni mbaya kuliko zima.”

Wajumbe walicheka. Hawakucheka kwa ubaya.

“Binti,” alisema, “tangu lini nusu ikazidi nzima?”

“Lililojaa linatulia. La nusu linakwenda mbele na nyuma. Kwenye kona linamsukuma anayeendesha. Hata methali inasema, debe shinda haliachi kusukasuka.”

“Methali hiyo ni ya watu wasiojua kitu wanaopenda kusema,” alisema mjumbe mmoja, naye akacheka peke yake.

“Wewe piga chapa,” alisema Katibu kwa upole.

Wote walikuwa watu waliokula mawese miaka mingi. Wali wao uling'aa kwa mawese. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuyabeba. Katika mji ambao kila nyumba ya tatu ina mtu aliyekunja shingo yake chini ya debe, walikaa wanaume wanane mezani na hawakujua jambo analolijua kila mtu anayetoka Simbo asubuhi. Nilipiga chapa. Nusu debe. Nakala tatu.

Jioni ile kaka aliweka nusu debe kwenye keria akaenda kujaribu. Alirudi akiisukuma pikipiki. Shati lake mgongoni lilikuwa jekundu mpaka mama akapiga yowe, akidhani ni damu.

“Kwenye kona,” alisema kaka, “mimi nageuka, lenyewe linaendelea na safari zake.”

Alikaa kizingitini akaosha mikono kwa majivu. Hakuwa na utani tena. Nilimwona akiiangalia ile pikipiki kama mtu anayemwangalia ng'ombe aliyekataa kunyanyuka. Na ni mimi niliyelifikiria. Nilipokuwa msichana nikiteka maji ziwani, tukipanda nayo kichwani kwenye ule mteremko wa Ujiji, tuliweka kitawi chenye majani juu ya maji. Kila msichana wa pwani ile anajua. Majani yanaelea, yanavunja mawimbi, ndoo inatulia na nguo yako inabaki kavu.

“Weka majani,” nilisema.

“Mawese si maji.”

“Jaribu.”

Mama alikata kitawi cha mpera nyuma ya nyumba. Siku iliyofuata kaka alikwenda hadi Ujiji na kurudi, na yale mawese hayakushuka hata ukucha mmoja. Yule wa Kalinzi alipita nyumbani, akaona kile kitawi kinachungulia kutoka ndani ya debe, akamwamkia mama, kisha akamgeukia kaka.

“Shemeji, umeotesha bustani?”

“Nimekupandia mpera. Utakapochoka njiani, simama uchume.”

Jumamosi ya tatu mgeni kutoka Dar es Salaam alikalishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Kabla ya kuanza, mwamuzi alikagua debe. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa haki. Alitazama alama ya msumari, akatazama kitawi, akauliza, “Hii ni nini, unampikia nani?” Watu wakacheka. Akafungua karatasi ya kanuni, ile niliyoipiga mimi, akaisoma mstari kwa mstari na kidole chake. Hakuona neno lolote juu ya majani. Akasema, “Haya, nenda.” Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nililisikia.

Walirudi pamoja tena. Safari hii nilizisikia sauti mbili, kisha kwenye mteremko nikasikia kikohozi mara mbili, na nikajua kaka amepunguza gia kabla ya mwenzake, yaani ameingia kona kwa ndani. Alivuka mstari akimzidi mwenzake kwa urefu wa mkono. Mwamuzi alichomoa kitawi, akachungulia. Mawese yalikuwa juu ya alama. Alinyanyua bendera upande wa kaka.

Mgeni aliteremka kutoka kwenye kiti chake kuja kumpa mkono. Alikuwa amefurahi kwelikweli.

“Hongera, ndugu. Unatoka chama gani cha ushirika?”

Kaka alifikiri kidogo. “Cha mimi na mama yangu.”

Watu waliangua kicheko. Mgeni naye alicheka, kwa adabu, kisha akamtazama Katibu. Ilikuwa ni kutazama tu. Lakini niliuona uso wa Katibu, na leo nadhani kila kilichofuata kilizaliwa pale. Mkoa wake utapeleka Dar es Salaam mchuuzi binafsi, na yule wa ushirika, mwenye pikipiki ya umma inayong'aa, ameshindwa naye kwa urefu wa mkono.

Jumatatu aliniita mapema, kabla ya wajumbe. Alisimama dirishani akanisomea kutoka kichwani: ni marufuku kuweka kitu chochote ndani ya debe isipokuwa mawese, atakayekiuka, matokeo yake yatafutwa. Nikaandika.

“Tarehe?” niliuliza.

“Weka ya Ijumaa.”

“Leo Jumatatu.”

“Najua leo ni nini, binti. Uamuzi ulikuwa umeshafanyika mioyoni mwetu Ijumaa. Karatasi ndiyo imechelewa.”

Nilirudi kwenye mashine. Nilikaa nayo kwa muda mrefu hata tarishi wa ofisi akaniuliza kama utepe umekwisha. Kisha nikapiga chapa tarehe ya Jumatatu, kwa sababu ilikuwa Jumatatu. Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Vidole vyangu havikuweza kwenda kwenye namba nyingine. Katibu alisoma kanuni, akaipenda, akatia sahihi chini. Hakutazama juu. Saa nne ilikuwa kwenye ubao wa matangazo.

Saa sita kundi la watu wa reli lilikuwa mbele ya ubao. Mmoja alisoma kwa sauti, akafika kwenye tarehe, akaisoma tena.

“Wamekataza Jumatatu kilichofanyika Jumamosi,” alisema. “Basi na mimi nikatazwe leo kuoa nilivyooa mwaka juzi.”

“Mkeo anakusikia?”

“Ndiyo maana nasema hapa.”

Kufika jioni mji mzima ulikuwa unacheka. Nilidhani kicheko kitatosha. Nilikuwa na umri wa kudhani kwamba jambo la uongo likishaonekana na watu wote, limekwisha.

Jumatano Katibu aliweka mbele yangu karatasi ambayo mtu mwingine alikuwa ameipiga chapa, vibaya, na herufi zimerukana. Ilisema kwamba tarehe iliyo kwenye kanuni ya tatu ni kosa la mpiga chapa. Kwamba aliambiwa aandike Ijumaa akaandika Jumatatu kwa kutokuwa makini. Chini palikuwa na mstari wa sahihi yangu.

“Sikukosea,” nilisema.

“Ulikosea. Nilikuambia Ijumaa. Unakumbuka nilikuambia Ijumaa?”

“Nakumbuka.”

“Ukaandika Jumatatu.”

“Ndiyo.”

“Basi.” Alifungua mikono yake miwili, kama mtu aliyemaliza kufundisha hesabu. “Treni ni kesho jioni. Ukitia sahihi, anakwenda yule wa Kalinzi. Usipotia sahihi, jina lina mgogoro, na taifa halipokei jina lenye mgogoro. Hatakwenda mtu. Mkoa mzima utakosa, kwa ajili ya tarehe. Lala nalo, uniambie asubuhi.”

Niliondoka pale. Sikujua mtu anaweza kuchukua ukweli wako, akaugeuza kuwa kosa lako, kisha akakuomba utie sahihi ili wenzako wasiumie. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeshaamua: sitii sahihi. Asiende mtu. Kiti cha Kigoma kibaki kitupu Dar es Salaam, na watu waulize kwa nini.

Nyumbani nilimkuta yule wa Kalinzi amekaa kwenye mkeka na kaka, mama akiwamiminia uji. Habari ilikuwa imenitangulia.

“Dada,” alisema, na safari hii hakusema shemeji, “usitie sahihi. Mimi siendi kwa njia hiyo. Nitasemaje huko? Nimeshindwa lakini nimekuja?”

“Sitii,” nilisema mimi. “Sitii.”

Kaka alikuwa anapuliza uji wake. “Atatia,” alisema.

Nilidhani sikumsikia vizuri.

“Atatia,” alirudia, “na wewe utakwenda. Mtu wa Kalinzi anapewa treni bure anakataa? Wazee wako wakisikia si watakutoa kwenye ukoo?”

“Usifanye mzaha.”

“Sifanyi mzaha. Mbio zile nilikimbia na nani? Ile ya kwanza, niliyokimbia peke yangu, nilikwenda polepole kuliko zote. Mtazameni huyu dada yangu, ana muda wote kwenye daftari lake. Zile mbili nyingine nilikwenda kasi kwa sababu sauti yako ilikuwa sikioni kwangu. Nusu ya mwendo ule ni wako. Basi nusu hiyo iende Dar es Salaam.”

“Na haki?” nilimwuliza. Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka. “Ulishinda. Mwamuzi alinyanyua bendera. Unataka niandike kwa mkono wangu kwamba sijui Jumatatu na Ijumaa?”

“Nataka mmoja wetu aione lami.”

“Hiyo si haki, kaka, hiyo ni huruma. Na wao ndio wanaotaka tuwe na huruma, ili wao wasiwe na haki.”

Mama alisema uji unapoa. Yule wa Kalinzi alitazama mikono yake. Nilikuwa na hasira na Katibu, na wajumbe wanane, na mgeni na kutazama kwake, lakini jioni ile hasira kubwa kuliko zote ilikuwa kwa kaka yangu, kwa sababu alikuwa mwema mahali ambapo nilimtaka awe mkali. Aliyeshinda ni yeye. Kile kiti kilikuwa chake kukidai au kukitoa. Mimi nilikuwa na sahihi tu, na alikuwa ameniomba.

Alikwenda, yule wa Kalinzi. Nilisikia hakumaliza miongoni mwa watatu wa kwanza, wala hakuwa wa mwisho. Aliporudi alimwambia kaka kwamba lami haina vumbi, kwa hiyo unamwona kila anayekutangulia, na hilo linakatisha tamaa. Alimletea tairi. Kaka aliitumia mpaka ikawa laini kama ngozi ya tumbo, akibeba mawese yake, madebe mawili yaliyojaa. Mwaka uliofuata kanuni ya mzigo ilifutwa kabisa. Walisema haikuwa na manufaa. Hakuna aliyetuambia sisi.

Ile karatasi bado iko kwenye faili mahali fulani. Mtu akiifungua leo atasoma kwamba hapo zamani Kigoma palikuwa na mpiga chapa asiyekuwa makini. Sahihi ni yangu, kila herufi. Naandika haya kwa sababu hakuna mahali pengine ninapoweza kuweka tarehe sahihi. Ilikuwa Jumatatu.

Alhamisi asubuhi nilifika ofisini kabla ya Katibu. Nilipoambiwa ameingia nilikwenda mezani kwake, nikachukua moja ya kalamu zake mbili, nikatia sahihi bila kukaa. Aliivuta karatasi, akaipulizia wino ukauke.

“Umeonyesha moyo wa kijamaa,” alisema. Alimaanisha. Macho yake yalikuwa na shukrani, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko kama angenicheka. “Haya, tuna barua nyingi leo. Kaa.”

“Siwezi kukaa hapa, Ndugu Katibu.”

“Kwa nini? Jambo limekwisha. Kosa tumelisamehe.”

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa anatania. Alikuwa amesahau, tangu Jumatano hadi Alhamisi, kwamba kosa lile alilitunga yeye.

“Mtafute mtu makini,” nilisema.

Niliifunika mashine kwa kitambaa chake. Nilichukua khanga yangu kwenye msumari. Tarishi wa ofisi alikuwa amesimama kwenye veranda na bahasha ya kupeleka stesheni, yenye jina la atakayesafiri. Alijibana ukutani nipite, akanishika bega kidogo. Nyuma yangu nilimsikia Katibu akiita mtu aje afunge, upepo unapeperusha karatasi. Na mlango ukafungwa.